Bosi, Pampu Imekufa: Mwongozo kwa Mwenye Trekta Kongwe

Simu hiyo huingia Desemba, mvua za kwanza zikishaanguka Kongwa na Kiteto, wakati kila mwenye shamba anataka kulimiwa leo hii na pesa keshatoa. Dereva hana salamu ndefu. "Shikamoo bosi. Bosi, pampu imekufa." Bosi yuko Dar es Salaam, trekta liko porini huko ndani kutoka Kibaigwa, jembe la sahani tatu limekaa chini na halitaki kunyanyuka. Hakuna aliyefungua kitu, hakuna aliyepima kitu, ila cheti cha kifo kimeshaandikwa na marehemu ametajwa jina.

Mwongozo huu umeandaliwa kuwasaidia watu watatu, yaani mwenye trekta, dereva na fundi, kufikia lengo ambalo wote wanaonekana kulitamani: kuifungua pampu haraka iwezekanavyo, kabla mtu yeyote hajaangalia jambo lingine lolote. Trekta linalohusika ni Massey Ferguson 135, lile jekundu lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, pamoja na ndugu zake wakubwa, 165, 265 na 290, waliorithi tumbo la aina ile ile. Mwenye trekta jipya lenye kompyuta asijisumbue kusoma. Yeye atahitaji mtu wa kuja na laptop. Sisi tunahitaji nyundo.

Kabla hatujaanza, tuiondolee lawama ardhi. Kongwa haikuanza jana kuzika matrekta. Mwaka 1947 Waingereza walishusha pale mitambo iliyobaki vitani ili walime karanga, na hata vifaru vya kijeshi vilivuliwa mizinga vikageuzwa matrekta. Kiangazi udongo uligoma, vyuma vikalika, na kufikia 1951 mradi ukaachwa. Kwa hiyo dereva akikwambia udongo wa huku unaua mashine, hadanganyi. Anachokuficha ni kwamba udongo hauingii ndani ya pampu wenyewe. Kuna mtu aliacha kifuniko wazi.

Usijue pampu inakaa wapi

Dereva bora kwa mwongozo huu ni yule asiyejua pampu iko upande gani. Akijua, ataanza kuuliza maswali, na maswali huchelewesha kufungua.

Kwa wachache wenye udadisi: pampu ya 135 haionekani kwa nje. Imezama tumboni, katikati ya boksi lililo mbele ya difu, ndani ya oili ile ile inayolainisha gia. Shafti ya PTO, ile inayotokeza nyuma ya trekta kuzungusha mashine ya kupukuchulia, inapita katikati ya pampu na ndiyo inayoizungusha. Ndani kuna pistoni nne zinazokwenda na kurudi. Oili ikisukumwa inapanda kwa bomba la wima mpaka kwenye silinda iliyofungwa chini ya kile kifuniko kikubwa unachokikalia, silinda inasukuma mikono, mikono inanyanyua jembe.

Sasa kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa barabarani hawalipendi. Vali ya kuongozea pampu hii haiko mahali oili inapotokea, iko mahali inapoingilia. Dereva anaponyanyua liva, haifungulii oili njia ya kwenda kwenye silinda. Anairuhusu pampu inywe. Muda mwingine wote pampu inazunguka bila kazi, pistoni zinakwenda na kurudi bila kusukuma chochote. Maana yake ni kwamba kitu chochote kinachoizuia kunywa, au kinachoizuia kuzunguka, kitaonekana kwa nje kama kifo cha pampu. Na vitu hivyo ni vingi, karibu vyote viko nje ya pampu, na karibu vyote ni bei rahisi. Ndiyo sababu havifai kutazamwa.

Aliyebuni mfumo huu, Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland, aliusajili mwaka 1926. Zamani jembe lilivutwa nyuma ya trekta kwa ndoano, na likigonga kisiki trekta lilinyanyua pua, likapinduka na kumlalia dereva. Ferguson akalitundika jembe kwenye pointi tatu, mikono miwili chini na toplinki juu, oili ikabeba uzito, na jembe likaacha kuwa mzigo wa kuburutwa likawa sehemu ya trekta. Mwaka 1938 alipeana mkono na Henry Ford bila kuandikishana karatasi. Miaka kumi hivi baadaye Ferguson na kampuni ya Ford walikuwa mahakamani, na mwaka 1952 kampuni hiyo ikamlipa dola milioni 9.25. Kwa hiyo ukimkuta fundi na mwenye trekta wanarushiana maneno juu ya haidroliki chini ya mbuyu, usiwaamulie. Wanaendeleza mila.

Kijiti cha oili kisiguswe

Hii ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Kijiti cha kupimia oili kipo ubavuni, karibu na mguu wa dereva, na kwenye matrekta mengi kimefunikwa na tope lililokauka tangu msimu wa juzi. Liache. Ukikichomoa ukakikuta kikavu, habari imeishia hapo: hakuna maiti, hakuna fundi wa kuletwa kutoka Dodoma mjini, hakuna nauli wala posho, na watu wengi watakuwa wamepoteza siku nzuri.

Trekta la 135 hubeba lita 30 hivi tumboni, na lita hizo ni za gia, za difu na za haidroliki kwa pamoja. Wengi hudhani kuna matangi mawili, wakiona gia zinaingia vizuri wanasema oili ipo. Gia haziwezi kukupa ushahidi huo. Zitaendelea kuzunguka zikilamba kidogo kilichobaki chini, wakati pampu imeshaanza kuvuta hewa, na pampu inayovuta hewa hulia, tena sauti yake ni ya kuguna, inayoongezeka injini ikipandishwa moto. Utingo atasema ni beringi.

Oili ilikwenda wapi? Ilipita kwenye sili za ekseli za nyuma, ndiyo maana breki zilianza kuteleza mwezi uliopita mkazilaumu breki. Ilipita kwenye sili ya shafti ya PTO. Na ilisafiri na trela. Hili la trela ni tamu, tulieleze polepole. Ukichomeka mpira wa trela la kumwaga, jeki ya trela inajazwa na oili ya trekta lako. Trela likinyanyuka juu kabisa, kina cha oili tumboni kinashuka. Kama ilikuwa pungufu tangu asubuhi, pampu inabaki haina cha kunywa na trela linasimama nusu angani likiwa na gunia za watu. Tena ukichomoa mpira huku jeki bado imejaa, trela likiwa la kuazima, lita zako kadhaa zinarudi kwa jirani pamoja na trela lake. Jirani hatakupigia simu kushukuru.

Ukilazimika kuongeza oili, usinunue iliyoandikwa kwenye kitabu. Oili sahihi ni ile ya matrekta, inayofaa gia na haidroliki kwa wakati mmoja. Madukani huiita UTTO. Inauma mfukoni. Badala yake kusanya: oili chafu iliyomwagwa kwenye Fuso ya mjomba, namba 90 iliyobaki kwenye dumu la difu, ATF kidogo kwa sababu ni nyekundu na inapendeza, na mafuta ya taa ya kusafisha njia. Mchanganyiko huu una tabia ya kumchanganya kila mtu. Ukiwa mzito, saa moja asubuhi pampu inaunyonya kwa taabu na jembe linapanda kwa uvivu. Ukiwa mwepesi, saa moja asubuhi jembe linaruka vizuri kabisa, na ikifika saa nane mchana, oili imepata moto, inapita kwenye kila upenyo na jembe haliondoki ardhini. Dereva aliyeona hivyo siku mbili mfululizo atakwambia kuna mtu kijijini haupendi mradi wako.

Maji nayo yana mlango wao. Liva za gia zinasimama wima juu ya boksi, zimezibwa kwa mpira. Mpira ukichanika, kila mvua inayonyesha trekta likiwa limelala nje inaingia moja kwa moja, na kijana anayeosha trekta kwa mpira wa maji anaongezea. Oili ikishageuka rangi ya chai ya maziwa, imeshiba maji. Vali zitapata kutu zikae bila kusogea, hasa trekta likilala kuanzia Juni mpaka Novemba. Mpira mpya wa liva ni kitu cha kubeba mfukoni, lakini hatujawahi kusikia harambee ikifanywa kwa ajili yake.

PTO, klachi na liva mbili

Hapa pana uwanja mzuri wa kuiua pampu iliyo hai.

Tumeshasema kwamba shafti ya PTO ndiyo inayozungusha pampu. Kwa hiyo kwenye 135 ya kawaida, liva ya PTO iliyo upande wa kushoto, karibu na kisigino, ikiwa katikati, pampu haizunguki na haidroliki haipo. Si mbovu, haipo tu, imezimwa. Liva hiyo ina sehemu ya tatu, ambayo shafti inazungushwa na mwendo wa magurudumu badala ya injini. Utingo akiigonga kwa mguu wakati anaruka kushuka ikaangukia hapo, utapata ugonjwa wa ajabu: trekta likitembea jembe linapanda, likisimama halipandi. Tumewahi kusikia ugonjwa huo ukielezwa kwa kina mbele ya umati, kila mtu na nadharia yake, wakati dawa ni kuisogeza liva inchi chache.

Klachi ni ndugu yake. Kwenye matrekta yenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO inaendelea. Ukikanyaga mpaka chini, na PTO inasimama, na pampu pamoja nayo. Dereva anafika mwisho wa shamba, anakanyaga mpaka chini, ananyanyua liva ya jembe, anasubiri. Jembe linamtazama. Anaongeza moto wa injini. Jembe bado linamtazama. Hapo ndipo simu inatolewa mfukoni. Klachi ya PTO ikiwa imelika ni vivyo hivyo: pampu inazunguka bila mzigo, ukiipa mzigo klachi inateleza. Kuna kipimo cha bure ambacho huharibu raha yote: mtu mmoja asimame pembeni, mbali na shafti, nguo zisipepee, aangalie nyuma wakati dereva ananyanyua liva. Shafti ikizunguka, endelea kutafuta. Isipozunguka, au ikizunguka kisha ikalegea mzigo unapoanza, iacheni pampu ipumzike.

Halafu zipo liva mbili kuume kwa dereva, kwenye kibao chenye alama zilizofutika. Moja inaamua kimo cha jembe. Nyingine inalisikiliza jembe kwa ukinzani wa udongo: toplinki imeshikwa kwenye springi nene nyuma ya trekta, udongo ukiwa mgumu springi inabanwa, na trekta linalinyanyua jembe kidogo bila kuambiwa na mtu, likifika udongo laini linalishusha tena. Ukitaka kutumia liva ya kimo, ile ya ukinzani iwe juu kabisa. Hiyo ndiyo kanuni yote, na inaweza kuelezwa wakati chai inapoa. Dereva wa mwongozo huu hakuelezwa. Alikabidhiwa ufunguo na simu ya bosi. Yeye husukuma zote mbili mbele, akiona halikwenda huzirudisha zote mbili nyuma, na ikishindikana humwita utingo apande juu ya jembe ili lizame. Hili la utingo juu ya jembe lina kejeli yake yenyewe kwa hiyo hatutaliongezea: sahani ya jembe haichagui kati ya kisiki na mguu.

Springi ya toplinki ikilegea, jembe hucheza juu chini mwendo mzima. Fundi wa kuchomelea atakushauri aichomelee isisogee. Mkubalie, na siku hiyo utakuwa umeng'oa masikio ya trekta na kurudi enzi za kabla ya 1926.

Jinsi ya kumpokea fundi

Fundi bora ni yule anayetambua ugonjwa kwa simu. Haulizi chochote. Anasema, "Hiyo pampu, bosi. Naijua. Nitumie ya nauli." Jiepushe na yule mwingine, wa maswali, anayetaka kujua oili imefika wapi kwenye kijiti, shafti ya nyuma inazunguka au haizunguki, na jembe halipandi kabisa au linapanda kisha linashuka. Huyo atakumalizia shida kwa muda wa maongezi, na utaonekana ulikuwa huna shida ya maana.

Maana tofauti kati ya kutopanda kabisa na kupanda-kisha-kushuka ni kubwa. Jembe lisilopanda kabisa, oili ipo na shafti inazunguka, linaelekeza kwenye unywaji: chujio la waya limeziba, au vali ya kuongozea imeganda kwa kukaa bila kazi. Mara nyingi vali hiyo huachia yenyewe trekta likiwashwa na liva ikapandishwa na kushushwa kwa muda, kwa sababu waliounda mashine hii waliiwekea kifaa cha kuitikisa muda wote shafti inapozunguka ili isinate. Jembe linalopanda vizuri, lakini ukizima injini linashuka kabla hujafunga mlango wa choo, linasema jambo jingine: oili inapanda inavyotakiwa, halafu inatoroka. Pampu imefanya kazi yake. Na jembe linalotikisa kichwa likiwa juu, linashuka kidogo na kupanda kidogo bila kuchoka, ni hilo hilo: oili inatoroka, pampu inarudisha, inatoroka, inarudisha. Mashine ya namna hiyo inastahili kupewa pole, si kufunguliwa kifua.

Inatorokea wapi? Hapa ndipo palipo na jambo ambalo likifanywa hadharani fundi wa kwanza hatarudi tena. Ubavuni mwa boksi kuna kifuniko kinachofungwa kwa bolti chache. Teremsha jembe, zima injini, punguza oili mpaka ishuke chini ya usawa wa kifuniko, uipokee kwenye ndoo safi. Fungua kifuniko. Washa injini kwa moto mdogo, nyuma pawe na mzigo, nyanyua liva, na uangalie ndani kwa tochi, vidole vikiwa mbali kwa sababu shafti inazunguka humo. Oili ikiruka kwenye miisho ya bomba la wima, ni o-ringi. Ikimwagika kutoka juu, chini ya kile kifuniko cha kukalia, ni sili ya pistoni ya silinda. Ikitoka kwenye vali ya usalama kabla mzigo haujanyanyuka, vali hiyo imechoka. Isipotoka popote na mzigo haupandi, pampu haijanywa. Tochi, spana na ndoo. Watu wameuza ng'ombe kununua pampu kwa kukosa tochi.

O-ringi za lile bomba ni vitu viwili vitatu vya mpira. Kwa bei yake hutapata hata chakula cha fundi na msaidizi wake. Ndiyo maana hazina heshima. Fundi wa mwongozo huu, akizikuta zimekakamaa, hukata nyingine kutoka tyubu ya baiskeli, akapaka silikoni kila mahali ili zishike vizuri, silikoni ikabanduka vipande, vipande vikaenda kulala kwenye chujio, na baada ya wiki mbili anaitwa tena. Chujio likifunguliwa hukutwa na silikoni ya msimu huu, silikoni ya msimu uliopita, nyuzi za tambara na unga wa chuma wa gia. Ni kumbukumbu kamili ya mafundi wote waliopita.

Kuhusu spea, nenda mwenyewe kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au mtume mtu anayejua kusoma namba iliyochongwa kwenye trekta. Muuzaji atakuuliza orijino au ya kawaida. Ya kawaida ina nembo nzuri zaidi. Sili ya kawaida ukiibinya kwa kucha inabaki na alama. Hiyo ndiyo itakayokabili msukumo unaofika karibu 2,500 kwa kipimo kile kile ambacho tairi la gari dogo hujazwa 30.

Hapa kejeli inakaa pembeni kidogo. Kwa msukumo huo, mpira wa trela ukitoboka tundu dogo la sindano, usiutafute uvujaji kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi, tena injini iwe kwenye moto mdogo. Oili inapenya ngozi bila maumivu makubwa, alama inabaki ndogo, na ndani inaharibu nyama. Mtu akipigwa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile na daktari aambiwe ni oili ya haidroliki ya msukumo mkubwa, kwa sababu dawa yake ni upasuaji wa haraka. Si kupaka mafuta na kusubiri kivimbe kishuke. Na hakuna mtu wa kulala chini ya jembe lililonyanyuliwa na haidroliki, hata kama pampu ni mpya ya jana. Ikianza kazi ya chini, jembe liwe chini au liwekewe gogo.

Tiba ya mnyororo

Wote wakishashindwa, ipo tiba ya mnyororo. Vijana wananyanyua jembe kwa mti, wanalifunga kwa mnyororo kwenye kifuniko cha juu, trekta linatembea mpaka nyumbani kwa heshima. Kwa kusafirisha, si vibaya. Tatizo ni kwamba mnyororo hunogewa. Kesho yake dereva analimia nao: anafika mwisho wa shamba, utingo anaruka, anafungua, anafunga, wanageuka, anafungua. Ekari moja inakula siku nzima, dizeli inakwisha, na bosi anaambiwa mashine inalima. Mnyororo ukifungwa mfupi na dereva akasahau akanyanyua liva, haidroliki inavutana na mnyororo mpaka kimoja kikubali. Bolti za kifuniko ndizo hukubali.

Kuna pia liva ya kimo kusukumwa mpaka kwenye ile alama ya kupiga mfululizo, ambayo iliwekwa kwa ajili ya trela. Ikiachwa hapo, pampu inasukuma bila kupumzika, vali ya usalama inalia, oili inapata moto mpaka boksi haligusiki. Ni njia nzuri sana ya kugeuza uongo wa "pampu imekufa" kuwa ukweli kabla fundi hajafika.

Na kama mmepima oili, mmeangalia shafti, mmepanga liva, mmesafisha chujio, mmebadili o-ringi, mmechungulia kwa tochi na jembe bado liko chini, basi hongera, pampu yenu ni mbovu kweli. Zipo. Pistoni hulika, vali zake hulika, hasa zikinywa maji na unga wa chuma kwa miaka. Kazi yake haifanywi chini ya mti upepo ukivuma. Trekta liingie kwenye banda lenye sakafu, lisuguliwe tope kwanza. Kile kifuniko cha juu ni kizito, kinanyanyuliwa kwa mnyororo wa karakana na si kwa wanaume wanne wenye ari. Shafti ya PTO inachomolewa kwa nyuma. Na kila kinachotoka kinawekwa juu ya kitambaa safi kwa mpangilio wake. Kifuniko kikiwa kimeshatoka, badilisheni na sili ya silinda papo hapo, maana hamtataka kukitoa tena mwakani.

Oili ya zamani ikishatoka, msiirudishe eti bado ina utelezi, na msiimwage korongoni ambako ng'ombe wanakunywa. Nunueni mpya mwezi wa Oktoba, kabla msimu haujapandisha bei, na mmoja wenu afute tope kwenye kijiti.